Karo ya Askari Waliotoka Vitani

Askari wa Marekani aliyerudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza alipewa dola 60 na nauli ya gari la moshi, akaachwa ajitafutie. Mwaka wa 1924 Bunge la nchi yake lilimwahidi kiinua mgongo, lakini hati aliyopewa isingelipwa mpaka 1945. Njaa haingoji miaka ishirini. Mwaka wa 1932, kazi zilipokuwa haba, maelfu ya askari hao walipiga kambi Washington wakidai walipwe mapema. Wakafukuzwa na jeshi lile lile walilolitumikia, na vibanda vyao vikateketezwa.

Watunga sheria waliikumbuka aibu hiyo. Tarehe 22 Juni 1944, Vita vya Pili vingali vinaendelea, Rais Roosevelt alitia sahihi sheria ambayo watu huiita GI Bill. Askari aliyetumika siku 90 au zaidi, asifukuzwe kwa aibu, alilipiwa karo hadi dola 500 kwa mwaka, nazo zilipelekwa chuoni moja kwa moja. Kiasi hicho kilitosha hata Harvard. Yeye mwenyewe alipata posho ya dola 50 kwa mwezi, au 75 akiwa na jamaa wanaomtegemea.

Si wakubwa wote wa elimu waliofurahi. Robert Hutchins, mkuu wa Chuo Kikuu cha Chicago, alihofu kwamba vyuo vitajaa watu waliokosa kazi, wala si wenye kiu ya elimu. Hofu hiyo ilikuwa bure. Watu wazima wale, wengi wao wenye wake na watoto, walikaa katika mabanda ya jeshi yaliyohamishiwa vyuoni, wakasoma kwa bidii kubwa. Mwaka wa 1947 karibu nusu ya wanafunzi wa vyuo vya Marekani walikuwa askari wa zamani, na jumla ya watu milioni 2.2 walipitia vyuoni kwa sheria hiyo.

Sheria haikutaja rangi ya mtu, na hapo ndipo ilipomponyoka askari mweusi. Katika majimbo ya kusini vyuo vya wazungu vilimfungia mlango. Vyuo vya weusi vilikuwa vichache na vidogo, vikawarudisha wengi kwa kukosa vitanda na madawati. Fedha zilikuwapo, nafasi hakuna. Medgar Evers, aliyetumika jeshini huko Ufaransa, alihitimu mwaka wa 1952 katika chuo cha weusi cha Alcorn, Mississippi; miaka miwili baadaye aliomba kusomea sheria katika chuo kikuu cha jimbo lake, akakataliwa. James Meredith, aliyetumika miaka 9 katika jeshi la anga, aliingia chuo hicho mwaka wa 1962 akilindwa na askari wa serikali kuu, baada ya ghasia zilizoua watu 2.

Sheria ile ya kwanza ilikwisha mwaka wa 1956, zikafuata nyingine. Iliyoanza tarehe 1 Agosti 2009 ni ya waliotumika baada ya 11 Septemba 2001. Aliyetimiza miezi 36 ya utumishi hupewa miezi 36 ya masomo: karo yote ya chuo cha jimbo, fedha za nyumba, na hadi dola 1,000 za vitabu kwa mwaka. Wakenya wenye kibali cha kuishi Marekani walioingia jeshi la huko wana haki hiyo sawa na wenyeji. Vyuo vya watu binafsi vimewekewa kikomo cha malipo. Anayevitaka na aulize kikomo hicho kabla ya kujiandikisha.