"Kwa uwezo wote": uwezo wa nani?

Kazi za darasani zimenibana wiki mbili hizi mpaka nimesahau rangi ya jua (siyo kwamba hapa lipo), ila hili siwezi kulilalia. Tangazo la safari ya Pasaka ya jumuiya yetu limeshabandikwa pale jikoni: siku nne kwa baiskeli, njia ya C2C, toka bahari mpaka bahari. Na chini yake, kwa wino mwekundu: "Kwa watu wa uwezo wote". Mimi nasema hayo maneno siyo kweli. Ama walioandika wanajua kuwa siyo kweli, ama hawajajisumbua kufikiri. Wachague wenyewe.

Tuanze na njia yenyewe. C2C ilifunguliwa mwaka 1994. Inaanzia Whitehaven au Workington, pwani ya Cumbria, inakatiza milima hadi Sunderland au Tynemouth, maili kama 140, yaani kilomita 225 hivi. Njia nzuri, hakuna anayebisha. Lakini katikati pale kuna Hartside. Unapanda kutoka bonde la mto Eden mpaka karibu mita 580 toka usawa wa bahari, halafu ukidhani umemaliza, unateremshwa na kupandishwa tena kuelekea Nenthead na Allenheads. Hata mtu wa mazoezi anafika juu ulimi nje. Sasa yule ambaye mara ya mwisho kupanda baiskeli alikuwa darasa la sita anafikaje? Na jirani yangu wa ghorofa ya chini, ambaye nyote mnamfahamu maana pilau yake mnaila, anayeendesha baiskeli ya mikono kwa sababu miguu yake haifanyi kazi, yeye anafikaje?

Nilimuuliza mjumbe mmoja wa kamati (simtaji, anajijua). Akanijibu: "Si atakaa kwenye gari la mizigo, atatupokea mbele?"

Jamani. Gari la mizigo. Pamoja na mahema na sufuria.

Tuelewane hapa. Sisemi milima ifutwe, na wala sina ugomvi na wenye mapaja ya chuma. Anayetaka Hartside apande Hartside, ashuke, apande tena, ni haki yake. Ninachokataa ni kuandika "wote" halafu ukaanza kupunguza kimyakimya: wote, isipokuwa asiye na mazoezi; wote, isipokuwa anayeogopa magari; wote, isipokuwa yule wa ghorofa ya chini. Ikiwa safari ni ya wakali, andikeni ni ya wakali. Hakuna atakayenuna.

Na tatizo hili siyo la kamati yetu tu, wamelirithi kwa wenye nchi. Ule mtandao wa taifa wa njia za baiskeli, wenye vile vibao vya bluu na namba nyekundu, ulijengwa na shirika lililoanza Bristol mwaka 1977 na baadaye likaitwa Sustrans. Mwaka 2018 shirika hilohilo lilikagua kazi yake lenyewe, na kwa hilo nalivulia kofia, maana wangapi wanajikagua hadharani? Mtandao ulikuwa na zaidi ya maili 16,500. Asilimia 42 ilipewa daraja la chini kabisa, yaani mbaya sana. Vizuizi vilivyohesabiwa vilikuwa zaidi ya 16,000, karibu kimoja kwa kila maili! Mwaka 2020 karibu robo ya mtandao ikaondolewa au ikapangwa upya, kwa sababu ilikuwa inapita kwenye barabara ambazo huwezi kumpitisha mtoto wa miaka 12. Kipimo chao ndo hicho: mtoto wa miaka 12 mwenye busara aweze kupita peke yake.

Kizuizi ninachosema ni kipi? Ni zile chuma mbili zilizoinamiana kama herufi A, unapita katikati kwa kubana usukani. Au kile kigeti cha kuzunguka, kinachopitisha mtu mmoja baada ya mwingine kama ng'ombe wa josho. Baiskeli ya kawaida unainyanyua, unatukana kidogo, unapita. Baiskeli ya mikono hainyanyuliki, na aliyeikalia hashuki. Ya watu wawili, ile ambayo asiyeona hukaa nyuma, haikunji kona pale. Mama mwenye kigari cha mtoto nyuma naye ageuze.

Mwezi jana tulitoka mimi na jirani kwenye njia moja ya kando ya mto, si mbali na chuo. Kibao kikubwa mwanzoni: karibuni wote. Kama mita 800 mbele, chuma. Nikapima kwa utepe: upana wa chini sentimita 60. Baiskeli yake ina 80. Tukarudi. Tukaandika barua kwa wahusika, jibu likaja baada ya siku kumi na moja, la adabu sana: ufunguo wa geti la pembeni unapatikana kwa maombi, siku za kazi. Yaani mimi nikitaka kupunga upepo Jumapili natoka tu. Yeye aandike maombi Ijumaa.

Bongo nani hajamwona mzee wa baiskeli ya mikono akikatiza Kariakoo katikati ya daladala, au akisubiri pantoni ya Kigamboni? Kule kinachomzuia ni mitaro na mashimo, uzembe wa miaka. Hapa kuna mtu alikaa ofisini, akachora kile chuma, akakinunua, akatuma mafundi wakakimwagia zege. Ndo maana kinaniuma zaidi.

Watetezi wana hoja, tusiwanyime. Wanasema chuma zile ni za kuzuia pikipiki. Sawa, pikipiki kwenye njia ya waenda kwa miguu ni hatari kweli. Lakini pikipiki nyingi za vijana ni nyembamba kuliko baiskeli ya mikono! Na kijana akikuta chuma anazunguka kwenye nyasi, au anakuja na msumeno. Anayezuiwa ni yule asiyeweza kuzunguka. Tena mwongozo wa serikali wa Julai 2020, ule wa LTN 1/20, umeshamaliza ubishi: njia zisanifiwe kwa baiskeli yenye urefu wa mita 2.8 na upana wa mita 1.2, na nafasi kati ya nguzo na nguzo iwe mita 1.5. Sheria ya Usawa ipo tangu 2010. Maarifa hayajakosekana, kilichokosekana ni mtu wa kwenda kung'oa.

Hoja ya pili ni ya wapenda mandhari: eti ukisawazisha njia, ukaweka lami, umeharibu mashamba, umeleta mji kijijini. Hii inanichekesha. Kule Derbyshire kuna daraja la matao la Headstone, pale Monsal. Lilipojengwa kwa ajili ya reli katika miaka ya 1860, John Ruskin alilichukia, akalalamika kwamba bonde limeuawa ili watu wa Buxton wawahi Bakewell. Leo watalii wanajipanga kulipiga picha, na tangu 1970 linalindwa kisheria kama urithi. Reli ilifungwa 1968. Kilichoharibu bonde jana ndicho kadi ya posta leo, kwa hiyo tusitishane na habari za lami.

Na hapohapo ndo penye jibu la safari yetu. Treni haiwezi mlima mkali. Waliojenga reli walichonga miamba, wakatoboa mahandaki, ili mwinuko uwe mdogo. Ripoti ya Beeching ya 1963 ilipokuja na reli nyingi za vijijini zikafa, yakabaki matuta marefu yasiyo na magari, kama yametengenezwa kwa ajili ya anayesukuma kwa mikono. Njia ya Bristol hadi Bath, maili 13, ilijengwa hivyo kati ya 1979 na 1986. Monsal Trail ni maili 8.5, na tangu mahandaki yake yalipofunguliwa Mei 2011 unapita moja kwa moja. Tissington Trail, toka Ashbourne mpaka Parsley Hay, maili 13, ipo tangu 1971.

Na hata C2C wenyewe wamejifunza. Kipande cha Keswick hadi Threlkeld kilisombwa na dhoruba ya Desemba 2015. Kilipofunguliwa tena Desemba 2020 walikuwa wamekisawazisha ili kiti cha magurudumu kipite, na handaki lililokuwa limefukiwa miaka mingi wakalifukua. Mandhari ya Keswick haijafa, nendeni mkaangalie.

Mtaniambia reli za zamani zinachosha, ni za bibi na wajukuu. Haya, tokeni nje ya njia mkajaribu vichochoro vya mashambani, michongoma huku na huku, kona huoni mbele, na kikomo cha mwendo kwa vingi vya hivyo ni maili 60 kwa saa. Wapo wanaopenda. Mgeni wa baiskeli akipitiwa na Land Rover mara moja tu pale, haendeshi tena mpaka arudi kwao.

Kwa hiyo pendekezo langu, nitalisoma Alhamisi saa kumi na mbili jioni kabla ya kura: tulale Bakewell siku zote. Siku ya kwanza Monsal kwenda na kurudi, maili 17, wote pamoja. Siku ya pili Tissington kutokea Parsley Hay. Anayechoka anageuza popote, wakali wachepuke milimani wakatukute Ashbourne kwenye chai. Siku ya tatu mtu na mpango wake. Gari la mizigo litabeba baiskeli ya mikono, maana Bakewell treni haisimami tangu 1967. Wiki mbili kabla, mimi na jirani tutakwenda na utepe kupima kila geti.

Kama kura itaangukia C2C, sawa, ila yale maneno ya wino mwekundu yafutwe siku hiyohiyo. Kalamu nitakuja nayo.