"ORIJINO" NI NENO TU. INAMA UANGALIE CHINI



Leo naongea na wanaonunua magari ya zamani, wakayatengeneza na kuyauza. Somo hili mimi nililinunua kwa mtaji wangu, wewe lichukue bure.

Niliuziwa Volkswagen Beetle ya paa la turubai. Muuzaji aliapa kila kitu ni orijino. Rangi inang'aa, viti vipya, na boneti ya injini kule nyuma ina mianya ya hewa kama inavyotakiwa. Nilipoona ile mianya tu, nikatoa hela. Mtaji wote.

Kumbe ndiyo iliyonidanganya. Beetle ya kawaida inavuta hewa ya injini kupitia mianya iliyo chini ya kioo cha nyuma. Ya turubai haiwezi, maana paa likikunjwa linalala hapohapo. Ndiyo maana Karmann, waliozitengeneza Osnabrück, Ujerumani, toka 1949 hadi 1980, waliweka mianya kwenye boneti yenyewe. Lakini boneti inafungwa kwa boliti chache tu, na kuanzia modeli ya 1970 hata baadhi ya Beetle za kawaida zilikuja na boneti zenye mianya. Yangu ilikuwa ya kawaida, imekatwa paa kwa grinda.

Kabla hujatoa hela, angalia haya:

1. Namba ya chesisi. Inua kiti cha nyuma, iko katikati ya sakafu. Kuanzia modeli ya 1965, ya turubai namba yake inaanza na 15. Ikianza na 11, hiyo ni ya kawaida.

2. Chini ya gari. Paa linasaidia kushika bodi. Karmann walipoliondoa, waliongeza vyuma vya kuimarisha chini ya milango, pande zote mbili. Havipo, au vimechomelewa juzi? Ondoka. Bodi italegea katikati na milango itagoma kufunga.

3. Vioo. Milango haina fremu juu ya kioo, na vioo vya pembeni nyuma vinashuka.

4. Hewa. Injini hii haina rejeta, inapozwa na hewa. Hakikisha mabati yanayoizunguka yapo yote, na mpira unaoziba pembeni upo. Ukikosekana, hewa ya moto ya chini inarudi juu na injini inachemka. Angalia pia bati la ndani ya boneti linalokinga mvua inayopenya kwenye mianya.

Kuna atakayesema hiyo ni kazi ya fundi. Sawa, fundi mchukue, lakini hela ni yako. Inama na wewe.

Nilipogundua, jamaa waliniambia, "Na wewe mpitishie mwingine, biashara ndiyo hiyo." Nilikataa. Niliiuza nikisema wazi kwamba imekatwa, kwa mtu aliyetaka spea, nikapata chini ya nusu ya hela yangu. Iliniuma sana. Ila huyo mteja bado ananipigia simu akitaka kitu, na akiniuliza kama ni orijino, anaamini jibu langu. Mtaji nimeurudisha polepole. Jina ningelipoteza, ningelirudisha na nini?

Wewe uliwahi kuuziwa nini kwa jina la orijino? Andika hapo chini, mwenzako apone.