Wema Ulioshukiwa kwa Chembe za Mkate

Kinyakyusa kina neno ambalo Kiswahili hakijalipatia mwenzake: ukwangala. Ni ile raha ya kukaa na wenzako, mkala, mkazungumza, mkastahiana. Monica Wilson, aliyefanya utafiti wilayani Rungwe katika miaka ya 1930, alilipa nafasi kubwa katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951. Katika vijiji vya marika vya siku zile, wavulana walikula kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Mwenye kujitenga ndiye aliyeshukiwa. Wema ulifundishwa penye chakula.

Kwa kipimo hicho, filamu ya tatu ya The Lord of the Rings, aliyoiongoza Peter Jackson mwaka 2003 na ikanyakua Oscar 11, imesifiwa kupita haki yake. Humo Gollum anautupa mkate wa safari, anamnyunyizia Sam chembe zake akiwa usingizini, na Frodo anaamini kuwa mwenzake ni mlafi. Anamwambia arudi nyumbani. Rafiki aliyejinyima ili mwenziwe ale anafukuzwa kwa makombo!

Riwaya ya Tolkien haina fedheha hiyo. Katika ngazi zizo hizo, Gollum anawakuta marafiki wawili wamelala, anaingiwa na huruma, anamgusa Frodo gotini kama mzee aliyechoka. Sam anazinduka, anamtolea neno kali, na toba iliyokuwa karibu kuzaliwa inakufa. Hapo ndipo palipo msiba wa kweli: mtu mwema, kwa ukali wa mapenzi yake, anamfungia mwingine mlango. Filamu imeukwepa msiba huo, ikauziba kwa hila ya mwizi wa jikoni.

Watetezi husema kuwa mwema asiyeyumba hana kisa. Ndiyo sababu Faramir, ambaye kitabuni anaikataa pete bila kuinyoshea mkono, katika filamu ya 2002 anawaburuta mateka mpaka Osgiliath kabla ya kuwaachia. Kana kwamba kukataa si tendo! Mbaya zaidi ni toleo refu la filamu ya tatu, ambamo Aragorn, mfalme mtarajiwa, anamkata kichwa msemaji wa adui aliyekuja kwa mazungumzo. Kitabuni msemaji huyo anarudi kwao mzima. Mswahili hahitaji kusoma Tolkien ili ajue kuwa mjumbe hauawi.

Msomaji wa London akikereka hurudi rafuni, akafungua kitabu. Kijana wa Tukuyu aliyeiona hadithi hii katika kibanda umiza, mvua ikipiga bati, huenda asikione kitabu chenyewe maishani. Kwake Frodo ni huyo mmoja tu, anayemtimua Sam ngazini.