Ukaguzi usioeleweka si usalama kamili

Mzazi wa Bomet au Kericho anapomsindikiza mwanawe anayekwenda kusoma ng'ambo, safari huanza majani chai yangali na umande, na kibuyu cha mursik kikiwa mkononi. Lakini katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, asiye na tiketi hukomea nje ya jumba la kuondokea. Kibuyu nacho hakiruhusiwi katika mzigo wa mkononi, kwani kipimo cha vitu vya majimaji ni mililita 100 kwa kila chombo. Ajabu ni kwamba uwanjani humo humo, wanariadha wetu wanaporejea na ushindi hulakiwa kwa mursik.

Simlaumu mlinzi. Nchi iliyoonja mlipuko wa Agosti 7, 1998 jijini Nairobi, ikashuhudia makombora yakirushiwa ndege ya Israeli iliyokuwa ikiondoka Mombasa Novemba 28, 2002, haiwezi kuufanyia usalama mzaha. Kanuni ya majimaji nayo ilitokana na njama ya kulipua ndege zilizotoka Uingereza, iliyogunduliwa Agosti 2006.

Swali langu ni hili: je, ni nani amemweleza mzazi huyo sababu hizi, na kwa lugha gani? Amri bila maelezo huonekana kuwa dharau, na anayedharauliwa hashirikiani na mlinzi.

Tena kuna hatari kubwa zaidi. Abiria huulizwa ni nani aliyefunga mzigo wake, na iwapo amepewa kitu na mtu mwingine akibebe. Asiyeelewa swali hutikisa kichwa ili apite. Je, hapo tumemkagua au tumejidanganya? Mtambo huona chuma. Hauoni kwamba swali halikueleweka.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na kinaitaka Serikali ilinde lugha nyingine za wananchi. Basi maswali ya usalama yaulizwe kwanza kwa Kiswahili sanifu na cha heshima, na wawepo wahudumu wa kumsaidia asemaye Kikipsigis pekee. Masharti yatangazwe mapema, hata katika redio za lugha za kwetu, ili mursik inywewe nyumbani. Wasindikizaji nao watengewe mahali pa staha pa kuagana.

Mzazi akijua kwa nini mlango umefungwa, atasema "saisere" papo hapo nje, arudi Bomet bila kinyongo.