STAA, HIYO BISKUTI UNAMPA MBWA AU UNAIPA KAMERA?

Wadau, leo sina umbea wa nani kaachana na nani. Leo nina hasira, na najua kuna mashabiki watakuja kutoa povu huko chini kwenye komenti. Njooni tu, maji na sabuni mje navyo.

Kuna staa mmoja hapa mjini, jina kapuni. Mnamjua, na kama humjui basi simu yako imeshakuletea klipu zake bila kuziomba. Kaka ana mjengo, ana gari, na siku hizi ana mbwa. Yule mkubwa wa Kijerumani, manyoya yanang'aa kuliko nywele za wadada wote wanaompigia makofi. Sasa akaona kufuga tu haitoshi, akaanzisha na kipindi cha kufundisha mbwa. Kipindi chenyewe ni hivi: kaka anasema "Kaa!", mbwa anakaa, kaka anachomoa biskuti ya chokoleti iliyojaa zabibu kavu, nzimanzima, anamtumbukizia mdomoni. Muziki unapigwa, laiki zinamiminika. "Amri moja, biskuti moja," ndiyo kauli mbiu yake. Chini watu wanaandika, "Mbwa anakula vizuri kuliko mimi," wanacheka, maisha yanaendelea.

Kuna dada mmoja aliyejitambulisha kuwa ni daktari wa mifugo aliandika komenti kwa upole kabisa: kaka, zabibu na chokoleti ni sumu kwa mbwa, tafadhali usifundishe watu hivyo. Niliisoma kwa macho yangu. Kesho yake komenti haipo na dada kablokiwa. Halafu staa akaweka posti: "Wivu tu. Mbwa wangu anakula maisha."

Mngeniacha hapo ningecheka na mimi. Ila sikucheka, na nitawaambia kwa nini.

Mtaani kwetu kuna dogo wa miaka kumi na mbili. Mama yake anauza nguo, baba yupo safarini muda mwingi. Dogo alipewa kambwa ka miezi minne, haka ketu ka kawaida tunakokaita koko, masikio moja limesimama moja limelala. Alikapenda balaa. Anakapeleka mpaka kwenye foleni ya maji. Akaiona ile klipu, naye akataka koko wake ajue "kaa". Biskuti zile za staa hana hela nazo, lakini zabibu aliziona kwenye video, na dukani pakiti ya zabibu kavu ipo. Akakusanya chenji zake, akanunua. Mchana mmoja tu, kaa, zabibu, kaa, zabibu, mpaka pakiti ikakaribia kuisha. Na kambwa kalijifunza kweli! Dogo alikuja kunionyesha, amevimba kwa raha.

Usiku kakaanza kutapika. Kesho yake kamelala tu, hakagusi chakula. Siku iliyofuata kakaacha hata kukojoa. Tulipokapeleka kwa daktari wa mifugo, alipoambiwa zabibu akashusha pumzi. Akasema figo zimeshagoma, na kwamba tungekawahisha ndani ya saa chache baada ya kula angekatapisha na pengine tungeongea mengine. Siku ya nne kakafa.

Dogo aliniuliza swali moja ambalo ndilo limenifanya niandike haya yote. "Mbona yule wa kwenye simu hakufa?"

Nikamjibu nilivyoweza. Kwamba yule ni mbwa wa kilo nyingi na huyu wako alikuwa mdogo kama paka. Kwamba sumu ya zabibu haina kipimo kinachoeleweka: kuna mbwa anakula nyingi anapona, kuna mwingine anakula chache zinamuua, hata madaktari hawawezi kukwambia wako ni yupi mpaka ishatokea. Na kwamba kamera ikizimwa hatujui yule mbwa alitemeshwa au alitapika. Dogo akaitikia kwa kichwa. Lakini mpaka leo anaamini ni yeye aliyekaua, na mimi nasema hapana. Ana miaka kumi na mbili. Kuna mtu mzima mwenye ndevu aliyemfundisha.

Sasa tuje kwenye hoja, maana najua mtasema namwonea staa wenu.

Zawadi ya mafunzo ni mshahara wa mbwa. Unamlipa kwa kazi aliyofanya, na unamlipa hapohapo ili aelewe analipwa kwa kipi. Mbwa hana kumbukumbu ya "nilikaa vizuri dakika tano zilizopita". Ukichelewa sekunde mbili tatu, kashanyanyuka, kashanusa kuku, na wewe unamlipa kwa kunusa kuku. Ndiyo maana ile biskuti nzima ni ujinga hata isingekuwa na sumu. Mwangalie vizuri mbwa kwenye klipu: anatafuna, makombo yanadondoka, anashuka kuyaramba sakafuni, akimaliza hakumbuki hata aliambiwa nini. Ndipo video inakatwa. Kuna wanaofikiri mbwa yule ni mjanja sana. Kakaa mara moja, mhariri kafanya kazi iliyobaki.

Zawadi inayofaa ni ndogo kama punje ya harage, laini ili imezwe bila kutafunwa, na inanukia. Pua ndiyo jicho la mbwa. Rangi ya pakiti na jina la kizungu ni vya kukuvutia wewe unayetoa hela.

Na kama mnadhani haya ni mambo ya Ulaya, nendeni Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine kuna shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Panya! Wanatumia kidude kinachotoa mlio wa "klik", panya akipatia anasikia mlio, kisha anapewa kipande kidogo cha chakula anachokipenda, ndizi kwa mfano. Mlio unamwambia "hapo umepatia", ndizi inamlipa. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa hapahapa Tanzania mwaka 2013, akapelekwa Kambodia kufanya kazi ya kunusa mabomu, na mwaka 2020 akavishwa medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la wanyama la Uingereza. Panya wa kwanza kuipata. Hakulishwa biskuti za chokoleti huyo. Staa wetu angefunga safari ya saa chache tu akajifunze kwa watu wanaojua, lakini Morogoro hakuna bwawa la kupigia picha na mbwa, nadhani.

Wewe huna kidude cha "klik"? Tumia neno moja, "Safi!", kila mara kwa sauti ileile, kisha mpe chake. Ndani ya siku chache neno lenyewe litakuwa na utamu.

Haya, mpe nini? Hapa ndipo wengi mnapoibiwa hela. Nenda buchani uombe robo ya maini. Yachemshe bila chumvi, bila kitunguu, bila viungo, yakatekate vipande vidogodogo, yakaushe kidogo kwenye moto mdogo. Unapata vipande zaidi ya mia mbili, unaviweka kwenye friza unatoa vya siku hiyo. Harufu yake mbwa ataisikia hata bodaboda ikipita. Usimpe maini kila siku kama ndiyo mboga, maana yana vitamini A nyingi na ikizidi inamdhuru, lakini kwa mafunzo ni dhahabu. Firigisi na mioyo ya kuku ni hivyohivyo.

Kuna dagaa pia, na hapa niwape siri. Dagaa wa Ziwa Victoria wengi huanikwa juani bila chumvi, ila huanikwa hata mchangani, kwa hiyo waoshe, watoe mchanga, wakaushe tena. Ukivunja dagaa mmoja vipande viwili una zawadi mbili. Wa pwani wengi huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, hao waache upikie nazi ule mwenyewe. Kama mbwa wako ni mwepesi wa kunenepa, kipande cha karoti au boga lililochemshwa kinatosha kwa mazoezi ya ndani ambako hakuna kelele. Maini yatunze kwa ajili ya barabarani, kwenye watoto na pikipiki, ambako unashindana na dunia nzima kumpata akusikilize. Kazi ngumu, mshahara mzuri. Hata wewe kazini unajua hilo.

Na upunguze kwenye sahani. Madaktari wa mifugo hushauri zawadi zisizidi asilimia 10 ya chakula chake cha siku. Unamlipa asubuhi nzima halafu jioni unamjazia bakuli lilelile, baadaye unashangaa mbwa amekuwa kama pouf la sebuleni.

Vya kutompa mvikariri, mkitaka viandikeni kwenye mlango wa friji. Zabibu, mbichi na kavu, hata za Dodoma tunazojivunia, zinaua figo. Chokoleti ina theobromini, mwili wa mbwa unashindwa kuitoa haraka kama wetu. Moyo unaenda mbio, anatetemeka, anaweza kupata degedege. Kadiri inavyokuwa nyeusi ndivyo ilivyo mbaya zaidi. Vitunguu maji na vitunguu saumu vinaharibu chembe nyekundu za damu, kwa hiyo soseji na mishikaki yenye viungo, hapana. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka kama miba. Bigijii isiyo na sukari ndiyo usiache kabisa mezani, maana nyingi zina zailitoli inayoshusha sukari ya mbwa ghafla na kumharibu ini. Na siagi ya karanga isome nyuma ya chupa kabla hujaipaka kidoleni, zingine nazo zina hiyo kitu. Karanga zenye ukungu na unga uliooza, ile tabia ya "usitupe, mpe mbwa", ikome. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Hiyohiyo inaua mbwa.

Sasa najua wapo wanaoandika saa hii: "Watu hawajala, wewe unamwambia nani akanunulie mbwa maini?" Swali la haki, silidharau. Lakini staa aliponunua biskuti za kutoka nje hamkuuliza. Dagaa kumi na tano kwa siku wa kumfundisha mbwa anayelinda nyumba yako asikimbie barabarani, asiuме watoto wa jirani, hizo si anasa. Anasa ni ile pakiti.

Na wapo wa upande ule mwingine. Nina mjomba wa rafiki yangu anayejiita mkufunzi, yeye anasema chakula kinamdekeza mbwa, dawa yake ni fimbo na njaa, mbwa wa ulinzi lazima ashinde hajala ili awe mkali. Shikamoo mjomba, lakini hapana. Mbwa mwenye njaa hafikirii, anahangaika. Mwizi akimrushia kipande cha nyama juu ya ukuta kwisha habari, ulinzi umeisha. Na mbwa aliyefundishwa kwa fimbo anajifunza kitu kimoja tu, kukaa mbali na mwenye fimbo. Siku anatoka getini unamwita, hatarudi. Wa kwangu namwita mara moja anakuja mbio, na siku hizi simpi kila mara. Leo nampa, kesho nampapasa tu, keshokutwa nampa mbili. Hajui lini, kwa hiyo anakuja kila siku.

Staa, najua utaisoma hii, vijana wako wanakuletea kila kitu kinachoandikwa. Sikuombi uache kufuga wala uache kuposti. Una watu wengi wanaokuangalia, na wengine wao wana miaka kumi na mbili na chenji mfukoni. Futa ile video. Mtafute yule dada daktari uliyembloku, mwombe radhi, mkae naye mbele ya kamera na sahani ya maini. Nakuhakikishia laiki zitakuja tu, mbwa akikaa kweli watu wanaona.

Jana usiku ameposti sehemu ya pili. Safari hii ni soseji. Nimeandika komenti kwa adabu, nimemwamkia na kumwamkia, nikaeleza habari ya kitunguu, na mpaka naandika hapa hajanibloku. Nendeni mkaandike na nyie, kwa adabu, msimtukane mama yake.