Asiyekuwapo na Lake Halipo

Siku hizi husikika sana habari za wanawake katika bodi za makampuni. Watu huhesabu ni wangapi wameketi katika meza zile, na ni wangapi wamefika kwenye vyeo vya juu. Mwaka 2020 Bibi Ruth Zaipuna alishika uongozi mkuu wa benki ya NMB. Na tarehe 19 Machi 2021 Bibi Samia Suluhu Hassan aliapishwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Haya ni mambo ya kushukuriwa. Lakini mkulima na mfanyakazi wana haki ya kuuliza: je, habari hii yawahusu watu wa maofisi makubwa ya Dar es Salaam peke yao? Sisi twasema la. Bodi ziko hata Turiani, na huko ndiko yapasa jambo hili lipimwe.

Turiani, chini ya milima ya Nguru, kaskazini ya Uluguru, yajulikana kwa miwa. Kiwanda cha sukari cha Mtibwa husaga miwa ya mashamba yake chenyewe, na pia ya wakulima wa nje, yaani wanavijiji walimao vishamba vyao na kukiuzia kiwanda. Wakulima hao hukusanyika katika vyama, na kila chama huongozwa na bodi. Bodi hiyo haina jengo refu wala viti vya ngozi, lakini mambo iyashikayo ni mazito: mazungumzo ya bei, ratiba ya kuvuna, usafirishaji, na makato anayokatwa mkulima. Muwa uliokwisha kuchomwa moto na kukatwa hupoteza sukari yake upesi. Ukichelewa kusagwa, hasara ni ya mwenye shamba. Basi wale wanaopanga zamu ya kuvuna wameshika riziki ya jirani zao.

Sasa tutazame nani hulima na nani huketi. Kila apitaye mashambani huwaona kina mama wakipanda na kupalilia. Lakini kiti cha bodi hakipatikani kwa jembe. Hupatikana kwa uanachama, na uanachama hufuata jina lililoandikwa kwenye shamba. Jina hilo mara nyingi ni la mume. Asiye na jina katika shamba hana jina katika daftari la chama. Asiye katika daftari hana kura, wala hawezi kuchaguliwa. Malipo nayo huenda kwa jina lile lile. Na mume akifariki miwa ikiwa bado shambani, mjane aliyeipalilia huanza upya kuthibitisha kwamba naye alikuwa na fungu. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Lakini hapa anayechuma juani ni mmoja, na anayegawa kivulini ni mwingine.

Wako watakaojibu kwamba hiyo ndiyo mila. Mila gani? Waluguru, pamoja na jirani zao Wanguu na Wazigua, tangu kale wamefuata ukoo wa mama, na ardhi ya ukoo ilirithiwa kwa upande huo. Hata hivyo tusijidanganye: katika desturi hiyo hiyo msimamizi wa ardhi ya ukoo mara nyingi alikuwa mjomba. Mali ilipita kwa mama, na neno la mwisho likabaki kwa mwanamume. Funzo lake ni kwamba mtu aweza kuwa na fungu katika mali na asiwe na sauti katika kikao. Yote mawili yapasa kutafutwa.

Sheria za nchi hazikukosa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yamtambulia mwanamke aliyeolewa haki ya kumiliki mali yake. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali waliyochuma wanandoa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema kuwa haki ya mwanamke juu ya ardhi ni sawa na ya mwanamume, nayo yaamuru baraza la ardhi la kijiji liwe na wanawake 3 katika wajumbe 7. Ikiwa wanawake watatu wafaa kusuluhisha magomvi ya mipaka ya mashamba, mbona wasifae kupanga zamu ya kuvuna miwa iliyomo ndani ya mipaka hiyo?

Tujifunze pia kwa wengine. Norway ilitunga sheria mwaka 2003 kwamba bodi za makampuni makubwa ya hisa ziwe na asilimia 40 hivi ya kila jinsia, na kampuni iliyokaidi iliweza kuvunjwa. Kufikia mwaka 2008 lengo lilitimia. Hata hivyo watafiti waliochunguza baadaye waliona faida ndogo tu kwa wanawake wa ngazi za chini katika makampuni hayo. Jirani zetu wa Kenya waliandika katika Katiba yao ya mwaka 2010 kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Sheria ya kulitimiza jambo hilo bungeni haikutungwa; mwaka 2020 Jaji Mkuu alimshauri Rais alivunje Bunge kwa sababu hiyo, na Bunge halikuvunjwa. Basi maandishi bila nguvu hayatoshi, na viti vya juu bila mizizi chini havitoshi pia.

Kwa hiyo kazi ianze na daftari. Shamba linalolimwa na mume na mke liandikwe kwa majina ya wote wawili, na wote wawili wawe wanachama wenye kura. Masharti ya chama yaweke theluthi moja ya viti vya bodi kwa wanawake, isiwe mmoja tu aliyealikwa kupamba picha. Mmoja peke yake hushindwa kwa kura kabla hajamaliza kusema. Wapewe nafasi katika kamati za fedha na za kupima mizani. Na mikutano ifanywe saa ambazo mwenye mtoto mgongoni na sufuria mekoni aweza kuhudhuria. Asemaye kwamba wanawake hawagombei, na atazame kwanza kama aliwafungulia mlango.

Wafanyakazi wa kiwandani nao wajiulize swali hilo hilo juu ya kamati za matawi yao. Likizo ya uzazi ya siku 84 imo katika sheria. Lakini ni nani atakayeisimamia mezani, ikiwa wote walioketi hawajapata kuihitaji?