Mtoto akisema anasomea grafiki, usikate simu

Jirani yangu alikuja jioni, simu mkononi. Kijana wake aliyeko kwa shangazi yake Marekani ameacha uhasibu, sasa anasomea usanifu wa grafiki katika chuo cha jamii. Baba yake alimuuliza, "Tuliuza kiwanja ili ukachore?" Akakata simu. Wiki ya tatu hawajazungumza.

"Chuo cha jamii ndiyo nini, dada? Ameshindwa masomo?"

Hajashindwa. Hivyo ni vyuo halali kabisa; cha kwanza cha umma kilianza mwaka 1901 huko Joliet, jimbo la Illinois. Kozi nyingi ni za miaka miwili, ada kwa kawaida ni nafuu kuliko ya chuo kikuu, na wengi huanzia hapo kisha wakahamia chuo kikuu kumalizia shahada. Na grafiki si kuchora maua. Nembo ya benki, pakiti ya unga, ukurasa huu unaousoma, vyote kuna mtu aliyekaa akachagua herufi, rangi na nafasi.

Hofu yangu mimi iko kwingine. Kozi hizo ziko za aina mbili: moja inamwandaa mwanafunzi kuingia kazini moja kwa moja, nyingine kuhamia chuo kikuu. Aliyesoma ile ya kazini akitaka shahada baadaye, mara nyingi chuo kikuu hukataa baadhi ya masomo yake. Anarudia, na mzazi analipa mara mbili. Kwa hiyo badala ya kugomba, muulize: uko kozi ipi, chuo kikuu gani kitapokea masomo yako, na makubaliano hayo yameandikwa wapi?

Kisha mwambie akuonyeshe kazi zake. Mwajiri wa fani hii huomba kuona mkusanyiko wa kazi, cheti peke yake hakimtoshi. Mwaka mzima umepita na mtoto hana hata kazi tano za kuonyesha? Hapo una haki ya kuuliza.

Jirani alimwandikia palepale. Usiku kijana akatuma picha: lebo ya ubuyu anaouza mama yake, nyekundu, jina lake limeandikwa kwa herufi nene.

Baba aliitazama muda mrefu.

"Namba ya simu amekosea," alisema. "Hii ni ile ya zamani."

Akachukua simu yake, akatoka nayo barazani.